Aya 19 na kimya kirefu: namna Wayahudi wanavyoipandisha Torati jukwaani

Chukua Mwanzo 22 uisome kwa jicho la mwongozaji. Kisa cha Ibrahimu kutaka kumtoa Isaka mwanawe sadaka ni aya 19. Wanaosema ni Mungu, Ibrahimu, Isaka na malaika. Wale vijana wawili na punda wao hawatoi sauti. Isaka, ambaye kisa chote kinamning'inia shingoni, anasema ndani ya aya moja tu, ya 7: anamwita baba yake, kisha anauliza: moto upo, kuni zipo, lakini mwana-kondoo yuko wapi? Mahali penyewe panaonekana siku ya tatu, na kuhusu siku hizo za njiani hatuambiwi kitu. Sara hatajwi kabisa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtunzi anaona pengo, anaogopa kimya, anaanza kujaza. Sara anapewa kilio, Isaka anapewa wimbo, na Ibrahimu anasimama dakika kumi akituchambulia wasiwasi wake. Kisa kilichowanyima watu usingizi zaidi ya miaka 2,000 kinageuka ugomvi wa nyumbani. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu ufupi wa Torati unampa mwigizaji kazi ya kufanya, na ukiujaza maneno umempokonya kazi yake.

Jukwaa la Kiyahudi limeishi na mapengo haya kwa muda mrefu, nalo lina mbinu zake. Nianze na hizo aya 19.

Aya ya 6 inagawa vifaa: kuni anabebeshwa Isaka, moto na kisu anavishika baba. Usibadilishe mgawo huo hata kama mwigizaji wa Ibrahimu anaomba mikono yake iwe huru. Kuni ziwe kuni kweli, kama kilo nane hadi kumi, zilizofungwa kwa kamba ya katani. Kuni za sponji zilizopakwa rangi hujulikana papo hapo: bega halilali, pumzi haibadiliki, na akizitua hazitoi sauti. Moto ni kinyume chake. Mwali halisi unahitaji ruhusa ya ukumbi na mtu wa kusimama pembeni na mtungi wa kuzimia moto, tena hadhira itatazama mwali na kumsahau mtoto. Chungu kidogo chenye majivu, na taa ya betri ya rangi ya kahawia iliyofichwa ndani, kinatosha.

Kisha sikiliza sentensi inayorudi. Aya ya 6 inaishia kwa "wakaenda wote wawili pamoja". Aya ya 8, baada ya swali la Isaka na jibu la baba yake, inaishia kwa maneno yaleyale. Safari mbili, na katikati yake swali moja. Karibu kila mwigizaji, asipozuiwa, huiendea safari ya pili polepole akiburuta miguu, kwa kuwa sasa mwana ameshatambua. Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11, analisoma jambo hili kwa namna nyingine: Isaka alitambua kwamba anakwenda kuchinjwa, na bado wakaenda kwa moyo mmoja. Basi hesabu hatua. Kama safari ya kwanza ilikuwa hatua 14, ya pili nayo iwe 14, kwa mwendo uleule. Hadhira itaona kwamba kitu kimebadilika bila kujua kilichobadilika ni nini, na hofu itawaingia wao badala ya kubaki usoni mwa mwigizaji.

Neno hilo "pamoja" linarudi mara ya tatu katika aya ya 19, ila sasa Ibrahimu anaondoka na wale vijana kwenda Beer-sheba. Isaka hatajwi. Midrashi, yaani masimulizi ya marabi wa kale ya kufafanua Maandiko, inasema alipelekwa kwa Shemu kujifunza. Wengine wamewaza mambo mazito zaidi. Kwa mwongozaji kanuni ni rahisi: usimtoe Isaka jukwaani akiwa ameshikana mkono na baba yake. Acha nafasi yake wazi na kamba pale chini.

Kabla ya yote hayo kuna uamuzi wa umri. Midrashi inampa Isaka miaka 37, kwa hesabu ya kwamba Sara alimzaa akiwa na miaka 90 na akafa akiwa na 127, sura inayofuata mara baada ya kisa hiki. Ukimweka mvulana wa miaka 12, umetengeneza mchezo kuhusu mtoto asiye na uwezo. Ukimweka mwanamume wa miaka 37 mbele ya mzee, umetengeneza mchezo kuhusu watu wawili waliokubaliana. Yote mawili yanafanyika. Kinachoharibu ni kumchukua mwigizaji wa miaka 20 kwa sababu ndiye aliyepatikana, kisha kumwongoza bila kuamua ni yupi kati ya hao wawili.

Maandishi ya Kiebrania yanamsaidia mwigizaji kwa njia nyingine ambayo walio nje ya sinagogi hawaijui. Katika chapa zinazotumika kujifunzia, kila neno lina alama ndogo juu au chini yake ya kuonyesha namna ya kulighani. Alama moja, shalsheleti, ni adimu: katika vitabu vyote vitano vya Torati inatokea mara nne tu. Iko juu ya "akakawia" pale Lutu anaposita kutoka Sodoma (Mwanzo 19:16), juu ya "akasema" pale mtumishi wa Ibrahimu anapoomba apate mke wa Isaka (24:12), juu ya "akakataa" pale Yusufu anapomkatalia mke wa bwana wake (39:8), na juu ya "akachinja" pale Musa anapochinja kondoo wa kuwekea wakfu (Walawi 8:23). Ni sauti inayopanda na kushuka mara kadhaa juu ya neno moja, halafu kuna mstari wa kusimama. Kwa maneno mengine, Yusufu hakukataa harakaharaka. Mwigizaji wa Yusufu anayeijua alama hii hahitaji kuandikiwa maneno ya kishawishi. Anahitaji pumzi moja ndefu kabla ya "la", na mkono unaochelewa kidogo kuachia vazi.

Mazoezi ya kwanza ya kusoma mezani yanafaa yafanyike na mtu anayejua kughani, hata kama onyesho litakuwa katika lugha nyingine kabisa. Anaghani aya, waigizaji wanaweka alama penseli mahali sauti inaporefuka na inapokatika. Saa mbili zinatosha kwa sura moja.

Sinagogi lenyewe liliwahi kuwa na mtu wa kazi hii. Zamani Torati iliposomwa hadharani, pembeni ya msomaji alisimama meturgemani, mfasiri aliyeigeuza kwa Kiaramu, lugha ya watu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika Megila sura ya 4, inaweka masharti yake: katika Torati msomaji asimpe mfasiri zaidi ya aya moja kwa wakati, na katika Manabii asizidishe tatu. Inataja pia sehemu zinazosomwa bila kufasiriwa, kama kisa cha Reubeni na suria wa baba yake. Mwaka 1999 huko New York, Amichai Lau-Lavie alianzisha kundi la Storahtelling na kuifufua kazi hiyo kama sanaa: msomaji anasoma kutoka kwenye gombo, mwigizaji anaingia katikati ya aya na kuifasiri kwa kuigiza, kisha anaiachia nafasi aya inayofuata. Ukijaribu mtindo huu, shikilia ile kanuni ya aya moja. Makundi yanayoharibikiwa ni yale ambayo mfasiri hunogewa, akaongea dakika nne kwa aya ya maneno saba, na msomaji akabaki amesimama na kijiti chake cha kufuatia mistari kama mtu aliyesahauliwa kituoni.

Sasa Purimu, sikukuu ya kukumbuka Wayahudi walivyookolewa siku za Esta, maana huko ndiko kwenye utajiri wote.

Kitabu cha Esta kina sura 10 na aya 167, na jina la Mungu halimo hata mara moja. Husomwa tarehe 14 ya mwezi wa Adari (huko Yerusalemu, tarehe 15), na hadhira tayari ni sehemu ya onyesho: likitajwa jina la Hamani, adui wa Wayahudi, watu wanazungusha vyombo vya mbao vya kupiga kelele na kugonga miguu ili kulifuta jina hilo. Majina ya wana 10 wa Hamani msomaji huyataja kwa pumzi moja. Kutokana na shangwe hizi, Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki walipata purimshpili, mchezo wa Purimu kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa huko. Neno hilo limeandikwa tangu karne ya 16, na muswada wa mchezo wa Ahasuero wa mwaka 1697 upo hadi leo. Mwaka 1708 mchezo wa aina hiyo ulichapishwa Frankfurt. Pembeni ya Esta kulikuwa na visa vingine vilivyopendwa: kuuzwa kwa Yusufu, Daudi na Goliathi, kufungwa kwa Isaka.

Wachezaji walikuwa wanafunzi wa yeshiva (shule ya dini), mafundi wanafunzi na wanamuziki, wote wanaume, wakipita nyumba kwa nyumba. Jukwaa lilikuwa nafasi iliyobaki baada ya kusogeza meza. Kwanza aliingia mpiga mbiu, akasalimu wenye nyumba, akatambulisha wahusika mmoja mmoja, na mwishoni akaomba sarafu kwa shairi la kusema leo ni Purimu, kesho imekwisha, nipeni kitu mnifukuze. Mordekai wa michezo hii ya zamani hakuwa mzee mtakatifu; alikuwa mchekeshaji wa maneno machafu. Mtu anayeandaa purimshpili leo na kumpa Mordekai heshima ya shujaa wa sanamu ameukata mshipa wa mchezo wenyewe.

Vichekesho vyake vingi vimetoka Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, na vimeandikwa kama vile mtu alikuwa anawaza vifaa vya jukwaani. Esta anaingia kwa mfalme bila kuitwa, na asiponyoshewa fimbo ya dhahabu atakufa. Talmudi (Megila 15b) inasema fimbo hiyo ilikuwa na dhiraa 2 ikarefuka hadi 12, wengine wakasema 16, wengine 24, na zaidi. Dhiraa 2 ni kama mita moja. 12 inakaribia mita sita. Mafundi wa vifaa huitengeneza kwa mabomba ya alumini yanayoingiana, kila kipande kikiwa na kipenyo kidogo kuliko kilichotangulia. Vipande vinne vinatosha kufikia mita tatu hivi, na zaidi ya hapo ncha inainama na kumgonga Esta kichwani. Piga ncha ya kila kipande kifundo kidogo ili kisichomoke. Na mfalme asiirefushe kwa nguvu zake: anayeivuta awe mchezaji mwingine aliyevaa nguo nyeusi, ili mfalme abaki ameduwaa kama sisi.

Kisa cha pili kiko Megila 16a. Hamani anamwongoza Mordekai juu ya farasi mjini; binti yake yuko darini, anadhani aliye juu ya farasi ni baba yake na anayetembea mbele ni Mordekai, anamwaga chungu cha uchafu kichwani mwa anayetembea. Hamani anainua uso, binti anamwona, anajirusha. Ukicheza hiki kwa haraka kinakufa. Hadhira inahitaji kuona mambo matatu kwa mpangilio: binti akimtambua vibaya mtu wa chini, chungu kikimwagwa, kisha uso wa baba ukiinuka. Mpe kila moja pumzi yake. Ndani ya chungu tia vipande vya karatasi za rangi. Maji yanaloanisha sakafu, na anayeingia baadaye kwa kucheza ngoma huteleza.

Wahasidi wa Bobov, kundi la Wayahudi wa kimapokeo huko Brooklyn, wanaendeleza purimshpili hadi leo, wanaume pekee, usiku wa Purimu, wakiwa wamezungukwa na mamia ya watu waliosimama kwenye ngazi za mbao.

Kwa nini wanaume pekee? Hapa sheria inaingia, na anayefanya kazi na makundi ya Kiorthodoksi lazima aijue kabla ya kugawa nafasi. Kumbukumbu la Torati 22:5 inakataza mwanamume kuvaa ya mwanamke na mwanamke ya mwanamume. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, karne ya 16, aliandika kwamba desturi ya kufanya hivyo siku ya Purimu inaachiliwa kwa kuwa nia ni furaha tu, wengine walimpinga. Ruhusa hiyo ni ya Purimu. Onyesho la mwezi mwingine ni jambo jingine. Halafu kuna sauti ya mwanamke: wengi wanafuata kanuni kwamba mwanamume asisikilize mwanamke akiimba. Kutokana na hilo kumezaliwa jukwaa zima la wanawake mbele ya wanawake, kwa mfano kundi la Raise Your Spirits la Gush Etzion, lililoanza mwaka 2001 na kutunga tamthilia za nyimbo juu ya Esta, Nuhu, Ruthu na Debora. Humo wanawake wanacheza Boazi na Hamani kwa ndevu za kubandika. Mkifanya hivyo, hakikisheni fundi wa taa na wa sauti ni wanawake pia. Hili husahauliwa hadi siku ya mazoezi ya mwisho.

Kalenda nayo ina mitego. Tangu machweo ya Ijumaa hadi nyota za Jumamosi usiku hakuna mazoezi wala onyesho. Kati ya Pasaka na Shavuoti (sikukuu ya Majuma) kuna siku 49 za kuhesabu Omeri, na sehemu yake kubwa haina muziki. Wiki tatu za kiangazi, kuanzia 17 Tamuzi hadi 9 Avi, ni za maombolezo. Panga uzinduzi kwa kalenda ya Kiebrania kwanza, ndipo uihamishie kwenye ile ya ukumbi.

Swali gumu kuliko yote ni sauti ya Mungu. Spika kubwa, sauti nzito ya kiume, mwangwi kama wa pangoni: hapo hadhira inacheka au inasinzia. Jibu la zamani kabisa tulilonalo ni la Ezekieli, mshairi Myahudi aliyeandika kwa Kigiriki, yumkini Aleksandria, katika karne ya 2 kabla ya zama zetu. Tamthilia yake juu ya kutoka Misri imebaki mistari 269. Humo Musa anaambiwa pale kwenye kijiti kinachowaka moto kwamba mwanadamu hawezi kuuona uso wa Mungu, lakini maneno anaweza kuyasikia. Na bahari? Haipasuki jukwaani. Mmisri aliyenusurika anakuja kusimulia. Bado sijaona kitambaa cha buluu kinachotikiswa na watu wawili kikaishinda mbinu hiyo.

Kwa kisa hicho cha kijiti, midrashi ya Kutoka inatoa ushauri ambao mwongozaji yeyote angelipa fedha kuupata: Mungu alimsemesha Musa kwa sauti ya Amramu, baba yake, asije akatishika. Basi mpe mwigizaji wa Amramu maneno hayo, bila kipaza sauti, kutoka nyuma ya hadhira, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe chakulani. Kama Amramu hayumo katika mchezo wako, mwandikie mistari miwili mwanzoni ili sikio liikumbuke sauti yake.

Majumba makubwa ya karne ya 20 yalijaribu njia zote. Habima, iliyoanzia Moscow, iliigiza ndoto ya Yakobo mwaka 1925. Ohel ya Tel Aviv, chini ya Moshe Halevy, ilitoa Yakobo na Raheli mwaka 1928 kwa mavazi na miondoko ya Mabedui, ikiamini ndivyo mababu walivyokuwa. Kuna uzuri humo, lakini maleba ya namna hiyo huzeeka upesi: kanzu yenye mistari na kilemba hugeuka sare, na mwigizaji huanza kutembea "kibiblia". Mashairi ya Itzik Manger juu ya Esta, yaliyotolewa mwaka 1936 na kupandishwa jukwaani Israeli mwaka 1965 na familia ya Burstein, yalikwenda kinyume. Yanamfanya Esta msichana wa Kiyidi aliyemwacha mpenzi wake, Fastrigosa, mwanafunzi wa fundi cherehani, na kila mtu amevaa kama watu wa mtaani kwao. Hapo kisa kinapumua. Hanoch Levin naye, katika mchezo wa Mateso ya Ayubu aliouonyesha ukumbi wa Cameri, Tel Aviv, mwaka 1981, alimwacha Ayubu afe jukwaani amechomekwa kwenye nguzo huku mwenye sarakasi akimkodi kama kivutio. Ni vigumu kuitazama, na inakisoma kitabu cha Ayubu kwa makini kuliko michezo mingi ya heshima. Mwaka 1996 Rina Yerushalmi na kundi lake la Itim wakachukua maneno ya Biblia ya Kiebrania yenyewe, bila kutunga mazungumzo, na kuyagawa kwa miili ya waigizaji. Huo ndio mfano ninaoupendekeza kwa anayeanza: kata, panga, rudia, lakini usiongeze neno hadi wiki ya tatu ya mazoezi.

Mwisho ni karatasi na vifaa. Gombo halali la Torati haliwi kifaa cha mchezo. Tengeneza la bandia lenye kurasa tupu, au lililoandikwa maneno mengine. Mazoezini watu wengi husema "Hashem" na "Elokim" badala ya majina yenyewe ya Mungu, na ni afadhali muswada uchapwe hivyohivyo tangu nakala ya kwanza. Kama nakala zimeshachapwa zikiwa na Jina kwa Kiebrania, hazitupwi wala hazichomwi baada ya onyesho la mwisho. Msimamizi wa jukwaa anazikusanya, anazihesabu kwa orodha ya waliopewa, anazifunga pamoja na kuzipeleka kwenye geniza, sanduku la kuhifadhia maandiko matakatifu yaliyochakaa, la sinagogi lililo karibu, zingoje kuzikwa.